Kulima kwenye kivungulio kutoka Nakuru hadi Kisumu

Vivungulio vingi, yaani nyumba za nailoni za kulimia, vilivyogeuka makao ya nyasi huku kwetu havikuangushwa na soko wala na mbegu. Viliangushwa na mambo mawili: joto lililokosa pa kutokea, na mnyauko wa bakteria uliokuwa umelala udongoni kabla shimo la nguzo ya kwanza halijachimbwa. Mwongozo huu unafuata mambo hayo mawili. Ukikosea kamba, nafasi ya miche au hata mbegu, unaweza kurekebisha msimu ujao. Ukikosea hayo mawili, umejenga banda la nailoni lisilo na kazi.

Nchi za baridi hujenga kivungulio ili kutega joto. Sisi tuko ikweta, joto tunalo. Tunachotafuta ni paa la kuzuia mvua isilowanishe majani, ukuta wa neti wa kuzuia wadudu, na maji yanayofika kwenye mzizi peke yake. Masika yanapochapa Aprili na Mei na nyanya za shambani zikaliwa na bakajani, ambalo wengi huliita blaiti, mwenye paa ndiye anayepeleka nyanya safi kwenye soko la Kibuye au la Wakulima. Kwa hiyo fikiria mwavuli. Kila uamuzi wa ujenzi uupime kwa swali moja: je, mwavuli huu unapitisha hewa?

Mwinuko wako kwanza, mchoro baadaye

Kisumu iko karibu mita 1,130 kutoka usawa wa bahari. Mchana hufika nyuzi 29 au 30, usiku haushuki sana chini ya 17. Nakuru iko karibu mita 1,850, na usiku wake huweza kuteremka hadi nyuzi 10 au chini yake. Kakamega iko katikati, karibu mita 1,500. Nyanya hufunga matunda vizuri mchana ukiwa kati ya nyuzi 21 na 29, na usiku kati ya 15 na 20. Mchana ukipita 32 siku mfululizo, chavua hufa. Utaona shingo ya ua inageuka manjano na ua linadondoka. Usiku ukishuka chini ya 13, chavua hudhoofika na matunda hutoka yakiwa na makunyanzi na mapengo.

Kwa hiyo mchoro mmoja haufai kote. Kisumu, Ahero, Siaya na Busia, jenga kuta za mita 2.5 na kilele cha mita 4, uache tundu la hewa la urefu wote wa paa lililofunikwa neti, na kuta zote nne ziwe neti kuanzia nusu mita juu ya ardhi. Pazia la nailoni huko ni la kuzuia mvua ya upepo tu. Nakuru, Njoro, Kitale na Eldoret, kuta za mita 2 na kilele cha mita 3.2 hadi 3.5 zinatosha, lakini pazia la kukunja kwa mkono ni lazima pande zote mbili ndefu. Ukiuziwa kivungulio kifupi kisicho na tundu la juu ukipeleke Nyando, umeuziwa jiko.

Ukubwa wa kuanzia uwe mita 8 kwa 15. Mtu mmoja anaweza kuuhudumia kabla ya saa nne asubuhi, na hewa inapita upande hadi upande. Usizidi mita 30 kwa urefu, kwani katikati hewa husimama.

Pima udongo kabla ya kununua hata msumari

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi. Chukua jembe safi na ndoo ambayo haijawahi kubeba mbolea. Tembea mwendo wa kupindapinda, uchimbe sehemu 10 hadi 15, kina cha sentimita 20 hadi 30, uchanganye na kubakiza nusu kilo. Peleka maabara ya udongo, kwa mfano ya KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, na useme wazi unataka vipimo vitatu: asidi na rutuba, mnyauko wa bakteria, na minyoo ya mizizi. Kipimo cha kawaida hutoa asidi na rutuba tu, na mkulima hurudi nyumbani akidhani amepima kila kitu.

Kuna kipimo kingine unachoweza kujifanyia. Jaza udongo wa mahali hapo kwenye vyungu 20, panda mche wa nyanya kila chungu, weka mahali penye joto, na umwagilie vizuri kwa wiki 6 hadi 8. Bakteria huyu, Ralstonia solanacearum, hupenda udongo wenye joto na unyevu, kwa hiyo unampa kila anachotaka ili ajitokeze mapema. Mche mmoja tu ukinyauka ukiwa bado kijani kibichi, fanya hivi.

Kata kipande cha shina cha sentimita 5 karibu na udongo. Chukua glasi angavu yenye maji masafi na ushikilie kipande hicho ncha yake iguse maji, bila kukitikisa. Subiri dakika 3 hadi 5 ukiangalia mbele ya kitu cheusi. Shina lenye mnyauko wa bakteria litaanza kuteremsha nyuzi nyeupe, nyembamba kama moshi wa ubani, zikishuka polepole hadi chini ya glasi. Baadaye maji yote huwa kama yametiwa tone la maziwa. Nyuzi hizo ni bakteria wenyewe. Mnyauko wa ukungu hautoi nyuzi. Wenyewe huanza kwa majani ya chini kuwa manjano, mara nyingi upande mmoja, na huchukua wiki kadhaa kuua mche.

Ukiona nyuzi nyeupe, usipande nyanya kwenye udongo huo. Hakuna dawa ya kunyunyizia itakayoutibu, na bakteria huishi humo miaka mingi. Njia zilizobaki ni hizi. Ya kwanza ni kulima mimea isiyo ya ukoo wa nyanya. Matango, sukuma, dania na mboga ya kienyeji iitwayo saga hustawi. Ya pili ni miche iliyounganishwa juu ya shina-mzizi, yaani mche wa chini unaobeba mizizi, linalostahimili mnyauko. Ukiitumia, kiungo kikae juu ya udongo, kwa sababu kikifukiwa mche utatoa mizizi yake wenyewe juu ya kiungo na ugonjwa utapita hapo. Ya tatu ni kupanda kwenye mifuko ya lita 15 hadi 20 iliyowekwa juu ya nailoni, ukijaza kokopiti (maganda ya nazi yaliyosagwa) iliyooshwa au mchanganyiko wake na mawe mepesi ya volkano, yanayopatikana kwa urahisi upande wa Nakuru na Naivasha.

Wengine hupika udongo kwa mvuke kwenye pipa: maji chini, wavu wa chuma katikati, udongo juu, kifuniko. Hufanya kazi. Kiazi kilichofukiwa juu kabisa kikiiva, udongo umeiva pia. Lakini pipa moja huchukua lita 150 hivi, na mifuko 300 ya lita 15 inadai mapipa 30 na kuni za kuteketeza msitu. Tumia njia hiyo kwa udongo wa kitalu cha miche, si zaidi.

Udongo wenyewe hutofautiana sana katika ukanda huu. Udongo wa majivu ya volkano wa Nakuru hupitisha maji haraka, kwa hiyo unadai samadi nyingi na maji kidogo mara kwa mara. Udongo mweusi wa tambarare ya Kano huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Humo matuta yainuliwe sentimita 30 na mtaro wa kina kizuri uzunguke kivungulio chote. Udongo mwekundu wa Kakamega na Vihiga mara nyingi una asidi. Nyanya hutaka kipimo cha asidi (pH) kati ya 6.0 na 6.8, kikiwa chini, tia chokaa ya kilimo kwa kiasi ulichoandikiwa na maabara, mwezi mmoja au zaidi kabla ya kupanda, uchanganye vizuri hadi kina cha sentimita 20.

Kusimamisha nyumba

Chagua mahali palipo wazi kwa jua, mita 10 mbali na miti mikubwa, pasipotuama maji, na pasipolimwa nyanya, viazi, hoho, biringanya wala managu (mnavu) kwa miaka isiyopungua minne. Hapa ikweta jua halitakusumbua kwa kuegemea upande mmoja, kwa hiyo upepo ndio uuangalie zaidi. Kando ya ziwa upepo huvuma kutoka majini alasiri. Upande mrefu uupokee ili hewa ipite ndani. Kwenye vilima vya Njoro, ambako upepo ni mkali, elekeza upande mfupi kwenye upepo ili usipeperushe paa.

Nguzo za chuma kilichopakwa zinki hudumu zaidi. Za mkaratusi ni sawa mradi zimetiwa dawa ya mchwa kiwandani na zimekauka. Chimbia sentimita 60, na kwenye udongo mweusi sentimita 90 pamoja na zege, kwa sababu udongo huo husukuma nguzo juu kila msimu wa mvua. Lainisha misumari, vifundo na ncha zote. Paka rangi nyeupe kila mahali nailoni itakapogusa chuma au mbao: chuma cheusi kikipigwa na jua huunguza nailoni, na ndiyo maana paa huanza kupasuka kwenye mstari wa mabomba.

Nailoni iwe ya maikroni 200 iliyotiwa kinga ya miale ya jua. Hiyo hudumu miaka 3 hadi 5. Nailoni ya kawaida ya kufunikia mizigo itasambaratika ndani ya miezi michache hata kama duka linaapa. Ivishe siku yenye utulivu, asubuhi jua likiwa limepasha joto kidogo, watu wanne au sita wakivuta pamoja. Ikipoa itajikaza yenyewe. Ukiifunga asubuhi ya baridi kali, mchana italegea, na nailoni iliyolegea hupigapiga kwenye upepo hadi ikachanika. Kwa fremu ya chuma tumia mfereji na waya wa zigizaga. Kwa ya mbao, pigilia vibanzi juu ya ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli.

Neti ya kuta iwe ya matundu 50 kwa inchi ikiwa nzi weupe ndio tatizo lako. Neti yenye matundu madogo kiasi hicho hupunguza hewa, kwa hiyo ukubwa wa madirisha ya neti uwe mkubwa: jumla yake isipungue robo ya eneo la sakafu. Mlango uwe na ukumbi wa mita 1.5 na milango miwili, isifunguliwe yote kwa pamoja. Ndani ya ukumbi weka karai la chokaa au dawa ya klorini ya kukanyagia, ibadilishwe kila asubuhi, na gambuti zisizotoka nje ya kivungulio. Mgeni anayetaka kuona nyanya zako na azione kupitia neti.

Usifunge kamba za nyanya kwenye upinde wa paa. Mmea mmoja wenye vichala vinne hubeba kilo kadhaa, na tuta moja lina mimea zaidi ya 60. Simika nguzo za pekee kila baada ya mita 3 ndani ya tuta na uvute waya mnene juu yake, kimo cha mita 2.2.

Maji

Paa la mita 8 kwa 15 lina mita za mraba 120. Mvua ya milimita 20 hukupa lita 2,400 kwa hesabu, na ukiacha ya kupotea, karibu 1,900. Weka mifereji pande zote mbili. Maji hayo ni masafi kuliko ya mto, na yanapunguza tope ukutani. Maji ya mto au mtaro yaliyopita katika mashamba ya nyanya na viazi huweza kubeba mnyauko wa bakteria hadi ndani ya nyumba yako. Maji ya visima vya Nakuru mara nyingi yana chumvi zinazoacha ukoko mweupe kwenye matundu. Ya ziwa yana mwani. Kote kote weka chujio kabla ya mabomba ya matone, ukioshe kila siku mbili, na ufungue ncha za mabomba mara moja kwa wiki maji yatoke kwa nguvu kwa dakika mbili.

Tangi la lita 1,000 juu ya jukwaa la mita 1.5 hadi 2 linatosha kusukuma maji bila pampu. Mche mchanga hutaka karibu nusu lita kwa siku. Mmea unaozaa hutaka lita 1.5 hadi 2. Mimea 310 ikizaa itamaliza lita 465 hadi 620 kila siku, kwa hiyo jua chanzo cha maji yako kabla ya kupanda. Mwagilia asubuhi, na sehemu ya pili saa nane mchana kukiwa na joto kali. Chimba kwa mkono sentimita 15, ukamue udongo: ushikane kama tonge bila kudondosha maji.

Matuta na miche

Katika upana wa mita 8 yanatosha matuta matano ya mita 1, njia za nusu mita katikati na pembeni. Kila tuta urefu wa mita 14. Tia debe moja la lita 20 la samadi iliyooza vizuri kwa kila mita mbili za mraba. Yaani madebe 35 kwa nyumba nzima. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuleta viwavi wakatao miche. Vuta bomba mbili za matone kila tuta, kisha funika kwa nyasi kavu au nailoni nyeusi. Kisumu tumia nyasi, nailoni nyeusi hupasha mzizi joto kupita kiasi.

Nunua mbegu yenye stika ya KEPHIS, shirika la serikali la kukagua mbegu na afya ya mimea. Chagua nyanya ndefu zisizoacha kukua, kama Anna F1. Nyanya fupi za shambani zitajaza tuta na kukuachia nusu ya nyumba tupu juu. Sia mbegu 350 kwenye trei zenye kokopiti, mbegu moja kila tundu, kina cha nusu sentimita. Miche huwa tayari baada ya siku 28 hadi 35, ikiwa na majani 4 au 5 na shina nene kama penseli nyembamba. Wiki ya mwisho punguza maji na uiache kwenye jua zaidi. Ukinunua miche, kataa ile iliyong'olewa kutoka kitalu cha udongo, hata ikiwa ya bure, kwa maana mnyauko na minyoo husafiri kwenye mizizi hiyo.

Hesabu siku zako kutoka sokoni kurudi nyuma. Kutoka kupandikiza hadi tunda la kwanza ni siku 75 hivi kwenye joto, na hadi 90 Nakuru. Anayetaka kuchuma Mei apandikize Februari, asie Januari mwanzoni.

Pandikiza jioni. Mistari miwili kila tuta, sentimita 60 kati ya mistari, 45 kati ya miche. Itaingia mimea 62 kila tuta. Kila shimo tia konzi moja ya samadi na vizibo viwili vya soda vya mbolea ya kupandia ya DAP, sawa na gramu 10 hivi, uchanganye na udongo na kufunika kwa udongo mtupu kabla mzizi haujagusa. Wiki ya tatu tia kizibo kimoja cha mbolea ya kukuzia ya CAN sentimita 10 kutoka shinani. Wiki ya sita viwili. Matunda yakianza kujaa, badilisha kwenda mbolea ya maji yenye potashi nyingi, kupitia bomba, mara moja kwa wiki. Nitrati ya kalsiamu usiichanganye kwenye ndoo moja na mbolea zenye fosfeti au salfeti. Zitashikana na kuwa unga unaoziba matundu.

Kazi ya kila siku

Asubuhi ni ya kuangalia. Kagua kipimajoto kinachohifadhi joto la juu na la chini, kikiwa kimening'inia kwa kimo cha kifua katikati ya mimea, chini ya kibao cha kukikinga jua. Nakuru, pazia lifunguliwe kidogo saa moja na nusu, lote saa tatu, lifungwe saa kumi na moja jioni huku juu ukiacha upana wa shubiri moja. Ukilifunga lote, pumzi ya mimea hugeuka matone kwenye nailoni na kudondokea majani alfajiri, na hapo ukungu wa kijivu na bakajani hupata unyevu wake. Wanaoshangaa kupata blaiti ndani ya kivungulio mara nyingi waliileta kwa kufunga pazia.

Kisumu shida ni ya mchana. Nyuzi zikifika 30 kila kitu kiwe wazi. Zikifika 35, mwagia njia maji na uvute neti ya kivuli ya asilimia 30 juu ya paa, kwa nje, kuanzia saa tano hadi saa tisa. Usiiache siku za mawingu. Mimea itarefuka na kukosa maua.

Nyanya hujichavusha yenyewe, lakini shambani upepo na nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao ndio hulitikisa ua. Neti imewazuia. Kwa hiyo, kati ya saa nne na saa sita, angalau mara tatu kwa wiki, pita ukigonga waya wa juu kwa kijiti. Weka kitambaa cheusi chini ya kichala ukiwa na shaka: unga wa manjano ukionekana, saa ni nzuri. Hewa ikiwa nzito na yenye unyevu, unga hushikana na hautoki; subiri ikauke.

Vunja vichipukizi vya kwapani mara mbili kwa wiki vikiwa na urefu wa sentimita 3 hadi 5, kwa vidole, asubuhi ili jeraha likauke. Acha shina moja. Zungusha kamba kwenye shina, usizungushe shina kwenye kamba, litakatika. Toa majani yaliyo chini ya kichala kinachoiva, matatu kwa wiki yasizidi. Kisu kikitumika, kitumbukize kwenye maji yenye sehemu moja ya klorini ya kufulia kwa tisa za maji kila unapohama tuta.

Tunda likioza kitako, doa jeusi kavu, watu hukimbilia kununua kalsiamu. Mara nyingi kalsiamu imo udongoni; kinachokosekana ni maji ya kuisafirisha kila siku bila kuruka. Tunda likipasuka, lilikauka kisha likanyweshwa kwa pupa. Yote mawili dawa yake ni bomba la maji.

Panga hesabu yako na kilo 5 kwa mmea. Wauzaji wa vivungulio hutaja kilo nyingi zaidi, na aliyebobea huzifikia, lakini mkopo wa msimu wa kwanza haufai kulipwa kwa kilo za kwenye karatasi.

Wadudu

Tuta absoluta, nondo wa nyanya aliyeingia Kenya mwaka 2014, hutoboa jani katikati ya ngozi zake mbili. Jani ukiliinua kwenye mwanga utaona chumba cheupe chenye kinyesi cheusi, na kiwavi mdogo akitembea ndani. Kata jani hilo siku hiyo hiyo, lifunge kwenye mfuko na uuache juani. Ukilitupa njiani umemhamisha tu. Ning'iniza mtego wa harufu ya jike wenye maji na sabuni kimo cha goti. Nzi weupe hunaswa kwa kadi za manjano za gundi, vithiripi (wadudu wadogo sana wembamba) kwa za buluu, zikiwekwa sawa na ncha ya mimea. Utitiri mwekundu huja wakati wa kiangazi. Geuza jani, utaona vumbi linalotembea na utando mwembamba.

Dawa ikibidi, iwe na namba ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali ya kusajili dawa za wadudu, kwenye kibandiko, ubadilishe kundi la dawa kila baada ya mara mbili, na uheshimu siku za kungoja kabla ya kuchuma. Ndani ya neti sumu haipeperuki haraka kama nje. Vaa barakoa, nyunyiza jioni, usiingie hadi kesho. Dawa za salfa na klorini hula kinga ya nailoni, kwa hiyo usizinyunyizie paa.

Mmea ukinyauka ghafla mchana na kuamka usiku, rudia kipimo cha glasi. Ukiona nyuzi, ziba tundu la matone hapo, ng'oa mmea pamoja na udongo wake ndani ya gunia lililofunguliwa pale pale, uchome. Usiuburute njiani, usiutupe kwenye mboji. Mimea miwili ya kila upande iangalie kila siku.

Zaidi ya nyanya

Kwa Kisumu na Busia ningeanza na tango kabla ya nyanya. Linastahimili joto, na kutoka kusia hadi kuchuma ni siku 45 hadi 50. Nunua mbegu ya tango lisilohitaji kuchavushwa. Mbegu ya kawaida itatoa maua mengi na matunda yaliyonyongoka, maana nyuki hawaingii. Chuma kila baada ya siku moja. Tikiti tamu la kamba huchavushwa kwa mkono kabla ya saa nne: chuma ua dume, ng'oa petali zake, paka majike mawili au matatu, yale yenye kitunda kidogo chini ya ua. Tunda likifika ukubwa wa ngumi libebe kwa kifuko cha neti.

Hoho ya rangi hupenda Nakuru. Toa ua la kwanza kwenye panda ya shina, lea mashina mawili hadi manne, na uwe na subira: kijani huchumwa baada ya siku 80 hivi, nyekundu au manjano hutaka wiki tatu zaidi. Stroberi pia hupenda usiku wa baridi. Panda sentimita 30 kwa 30, taji la mche likae sawa na uso wa udongo, na ukate vitambaazi vyote hadi uchume.

Msimu ukiisha

Zima maji wiki moja kabla. Ng'oa mimea na mizizi yote, na uikague: vifundo kama shanga ni minyoo. Ukiviona, lowesha udongo, ufunike kwa nailoni angavu iliyobana kwa wiki 6 za jua, kisha panda marigoldi, ua la jamii ya Tagetes, kabla ya kurudia. Osha paa kwa maji na sabuni na sponji laini, maana vumbi hukunyima mwanga.

Baada ya nyanya usipande hoho, biringanya wala viazi. Na usipande managu. Ni mboga inayopendwa sana magharibi, na kivungulio kitupu hutamanisha kukijaza, lakini ni ndugu wa nyanya: hubeba mnyauko ule ule wa bakteria na hulisha Tuta absoluta hadi nyanya zirudi. Managu yapande nje, mbali na mlango. Ndani weka kunde, saga, dania au tango, misimu miwili ikiwezekana, kisha ujaze tena vyungu 20 kwa udongo wa matuta hayo na upande miche ya majaribio kabla ya kusia mbegu 350 nyingine.